Mkono Mwingine Chini ya Gari

Kilipasuka kitu chini ya miguu yake, kwa mlio mkavu kama wa chungu kilichodondoka sakafuni. Gari likainama upande wa kushoto, usukani ukamponyoka, na kabla Cherehani hajatamka hata "Mungu wangu," walikuwa wamekwisha panda ukingo wa barabara na kuzama katika magodoro ambayo mwenye duka alikuwa ameyapanga nje. Magodoro ndiyo yaliyowaokoa, kwani nyuma yake palikuwa na ukuta wa mawe.

Aligeuka haraka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa ameung'ang'ania mkanda kwa mikono yote miwili, macho yake yasiyoona yameelekea mbele.

"U mzima, mwanangu?"

"Mzima, baba. Na wewe?"

"Mzima," akajibu, kisha akanyamaza. Na kunyamaza hakukuwa desturi yake.

Jina la Cherehani alipewa na majirani kwa sababu ya kushona sare za shule. Siku hiyo alikuwa akimpeleka baba yake hospitali kunyooshwa mgongo. Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, mpaka ugonjwa wa macho ulipomzimia taa, na mgongo nao ukafuata. Kila shimo barabarani lilimtoa mguno, na kila mguno ulimchoma binti yake. Ndiyo maana Cherehani alirudi kwa wakala aliyemuuzia gari, akafungiwa springi na shokapu za hali ya juu, laini kama mto. Mafundi wa mtaani wangeweza kumfungia pia, lakini wakala alimpa dhamana: kikiharibika chochote atatengenezewa bure, mradi mkono mwingine usiguse pale.

Basi akafika na baba yake kwa wakala huyo nyuma ya gari la kuvuta, ulimi ameunoa.

"Pole sana, dada," alisema msimamizi wa karakana, kijana mpole mwenye ovaroli safi. "Tulinyanyue kwanza tuone."

Gari likapandishwa. Msimamizi akaingia chini na tochi, akamulika huku na huku, akakunja uso.

"Dada, hebu njoo uone mwenyewe. Hizi si zetu."

"Si zenu vipi?"

"Hizi ni shokapu za zamani, zile tulizozitoa tukakupa kwenye gunia. Na nati ya upande huu haikukazwa. Imefunguka yenyewe njiani."

Cherehani alisogea chini ya gari. Alitazama vile vyuma vyenye kutu, akatazama tena, kana kwamba vingegeuka vipya kwa kutazamwa.

"Haiwezekani! Gari hili halijaguswa na mtu. Semeni tu kwamba mmenichezea!" Sauti yake ikavuka karakana, wateja waliokuwa wakisubiri wakaacha simu zao na kuinua vichwa. "Baba yangu angekufa leo! Angekufa, mnasikia? Halafu mngeniletea dhamana yenu msibani?"

"Dada yangu, naapa..."

"Usiape! Mwizi haishi kuapa!"

"Muache mtoto wa watu," ilisema sauti nyuma yake.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. "Vyuma vyako viko chini ya kitanda changu. Nimevifunika blanketi."

Cherehani akamgeukia.  Chini ya kitanda kile alikuwa akifagia kila siku! Ufagio ulipogonga chuma, mzee alimwambia ni mguu wa kitanda wa akiba.

"Nani... nani alivitoa?"

"Kipara. Siku uliyokwenda kupeleka sare. Nilimwomba mimi."

Kipara, utingo wa baba yake enzi za malori, aliyegeuka fundi, mkongwe ambaye siku hizi kikombe chake cha chai kilimwagika kabla hakijafika mdomoni. Mkono ule ndio uliokaza nati zile! Cherehani akaketi sakafuni, hakujali mafuta.

"Kwa nini, baba?"

 "Mimi barabara naijua kwa makalio, siijui kwa macho tena. Pale darajani gari linaruka mara mbili, najua tuko darajani. Kwenye reli, najua reli. Ulipoweka vyuma vyako vya kifalme, gari likawa linaelea. Nikawa sijui niko wapi. Nakuuliza, unanijibu 'tumekaribia, baba,' kama unambembeleza mtoto."

"Si ungeniambia!"

"Ulifurahi mno. Ulimwita kila jirani apande aone. Ningeanzia wapi?"

Cherehani alilia kwa hasira, kisha kwa hofu iliyochelewa kufika. Msimamizi alisubiri, halafu akaeleza kwa upole kwamba uharibifu wa leo dhamana haiugusi, maana mkono mwingine umepita. Lakini zile mpya zikiletwa nzima, watazikagua na kuzifunga tena.

"Zifanyeni ngumu," akasema Cherehani, akijifuta uso.

"Inawezekana. Zina kifundo cha kukaza: ukikizungusha, zinakuwa ngumu."

Vyuma vikaletwa kutoka chini ya kitanda, na gari lilipokuwa tayari, mikono ya Cherehani bado haikuamini usukani. Msimamizi akaendesha, mzee akakaa mbele, yeye nyuma. Walisimama mara kadhaa kukaza kifundo, mzee akitikisa kichwa: bado, bado kidogo. Mwishowe akapiga goti. "Reli hiyo! Sasa punguza gia, mlima unakuja." Na mlima ukaja. Aliguna mgongo uliposhtuka, kisha akacheka.

Cherehani hakucheka. Alikuwa hajamsamehe, si siku ile. Lakini alifumba macho ajaribu kuisikia barabara, na kabla ya kona ya pili alikuwa amekwisha potea.