Meno Mawili

Kwa miezi mitatu gari la Lisiate lilisimama mbele ya nyumba yao kule Māngere, mtaa wa wahamiaji kutoka visiwani, boneti juu, redieta imeegemezwa ukutani, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Alilifungua Jumamosi moja ili abadilishe mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, akafika mahali akaacha, akasema atamalizia Jumamosi inayofuata. Jumanne akaanguka kazini, uwanja wa ndege, begi la msafiri likiwa bado mkononi. Moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mama yake, Lavinia, hakutaka kusikia habari za fundi. Akawa anaomba lifti kwa majirani kwenda kanisani, amejibana kiti cha nyuma na mkeka wa msiba aliojifunga kiunoni kwa desturi ya kwao. Siku moja akateleza kwenye mvua akingoja basi la sokoni, akarudi nyumbani goti limevimba. Ndipo alipomwita binti yake, Sulieti.

"Lifungeni, wewe na rafiki yake," mama akasema. "Lakini alichokifanya mwanangu kisiguswe. Nyinyi funikeni tu."

Sulieti alisoma wiki nzima kitabu cha ufundi wa gari hilo alichoazima maktaba. Jumamosi asubuhi akaja Penisimani, aliyekuwa akipakia mizigo pamoja na Lisiate.

"Dada, nimekuja na mikono miwili na njaa moja."

"Njaa itasubiri. Mikono kwanza."

Sanduku la spana lilikuwa pale pale chini ya bampa. Sulieti akachuchumaa mbele yake akashindwa kulifungua. Tangu wabalehe, yeye na Lisiate hawakuwahi kukaa chumba kimoja wakataniana, wala hakuwahi kugusa kitu chake. Ndivyo dada na kaka wanavyoheshimiana kwao. Penisimani akaelewa. Akalifungua yeye, akampa spana moja moja mkononi.

Mkanda mpya ulikuwa umeshavishwa, mweusi, umekaza.

"Unaona? Lisi kamaliza kila kitu," Penisimani akasema. "Bado kifuniko na redieta. Saa sita tunakula."

"Kwanza tuizungushe injini kwa mkono. Mizunguko miwili."

"Ya nini? Lisi hakosei, dada. Kule kazini tulikuwa tunamwita Mchungaji."

"Kitabu kinasema."

Akatia spana ndefu kwenye boliti ya krenki, shafti ya chini ya injini, akaisukuma polepole. Mzunguko wa kwanza ulikwenda kwa uzito, ukapita. Katika wa pili spana ikagoma. Haukuwa ule ugumu wa injini kubana hewa, unaousukuma ukaachia. Chuma kilikuwa kimegota kwenye chuma. Sulieti akaacha pale pale. Akairudisha nyuma taratibu mpaka alama ya chini, ya kupangia mkanda, ikakaa mahali pake, kisha akamulika gurudumu la juu kwa tochi ya simu.

Alama ya juu ilikuwa imepita mahali pake. Akahesabu kwa ukucha. Meno mawili.

"Tungepiga stata," akasema, "valvu zote zingegongwa na pistoni zikapinda."

Penisimani akainama, akatazama, akahesabu na yeye. Akahesabu tena. Kisha akarudi nyuma akakaa chini kwenye saruji kama mtu aliyesukumwa.

"Nilikuwa hapa siku ile," akasema.

"Najua."

"Hujui. Alikuwa anavisha huo mkanda, akasimama, akaanza kujisugua mkono. Huu wa kushoto. Akaniambia, 'Peni, vidole vimekufa ganzi, sioni vizuri alama.' Jasho linamtoka na kulikuwa na baridi." Akaushika mkono wake mwenyewe wa kushoto. "Nikamcheka, dada. Nikamwambia, 'Umezeeka, nenda kalale na wazee wenzako.' Akacheka na yeye. Akakaza ile puli ya mkanda, akasema inatosha kwa leo."

Sulieti alikuwa bado ameshika tochi. Kutoka dirishani ilikuja harufu ya majani ya magimbi yaliyokuwa yakiiva kwa tui la nazi, na sauti ya mama akiimba wimbo wa kwaya, akiusahau katikati na kuuanza upya. Siku tatu. Kutoka Jumamosi mpaka Jumanne kulikuwa na siku tatu nzima, na kliniki iko mwisho wa barabara. Alitaka kumpiga yule mtu kwa spana. Akamtazama, akamwona jinsi alivyokonda ndani ya hiyo miezi mitatu, na akafahamu kwa nini hakuwahi kukanyaga pale tangu mazishi.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani?"

Sulieti akazima tochi, akaitia simu mfukoni. Kisha akasema, "Inuka. Legeza puli ya kukazia. Mimi nashika mkanda."

Wakautoa mkanda aliouvisha Lisiate. Ulipoachia meno ya gurudumu, Sulieti akalia, bila kuacha kazi, machozi yakidondoka juu ya injini. Wakarudisha gurudumu la juu kwenye alama yake, wakauvisha mkanda upya, wakaukaza, wakazungusha mara mbili. Alama zikarudi kutazamana. Wakazungusha tena, kwa hofu tu.

Alasiri, redieta ikiwa imefungwa na kujazwa maji, boneti imeshushwa, Sulieti akapiga stata. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikawaka na kutulia. Mama akatoka akichechemea, kijiko kingali mkononi. Akaweka kiganja juu ya boneti akasikiliza, macho amefumba.

"Hamkugusa alichokifanya?"

Penisimani akatazama viatu vyake.

"Hatukugusa, mama," Sulieti akasema. "Tumefunika tu."

"Mnaisikia?" mama akasema, uso wake umelowa. "Mkono wake huo. Mnausikia?"

"Tunausikia."

Penisimani akageuka kuelekea barabarani. Mama akamwita: chakula kiko tayari, anakwenda wapi na njaa yake? Akasimama getini akiwapa mgongo. Sulieti akamfuata, akamshika mkono, mkono wenye grisi ndani ya mkono wenye grisi, akamrudisha ndani.