Bahasha Iliyoandikwa NYUMBA

Katika dola ya chumba namba tano, serikali iliendeshwa kwa bahasha sita. Zilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, zimesimama kwa mstari kama wanafunzi wa bweni wakisubiri kuhesabiwa, na kila moja ilibeba cheo chake kwa wino mweusi: CHAKULA, UMEME, MAJI, NAULI, MZEE, NYUMBA. Umeme alikuwa mkopaji sugu. Nauli alikonda mwaka mzima. Nyumba peke yake ndiye aliyenenepa, na ilimchukua miaka sita kunenepa hivyo.

Rais wa dola hiyo, ambaye pia alikuwa waziri wa fedha na mfagiaji, alikuwa mwanamke aliyeshona vifungo. Hakushona nguo, alishona vifungo tu. Kwa dobi, shati huingia na vifungo saba likatoka na vitano, na lazima awepo mtu wa kuficha aibu hiyo kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Mtu huyo alikuwa yeye, siku tatu kwa wiki, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni. Kila mwaka alimwomba bosi kazi ya siku nzima, na kila mwaka bosi alimjibu kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, "Dada yangu, vifungo havitoshi." Majirani walimwita Mama Bahasha, maana hakujaliwa mtoto, na bahasha ndizo alizolea.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la magodoro, yaani alilipwa akeshe akilinda vitu vya kulalia. Mshahara wake alimkabidhi mkewe wote, akausahau. Huo ulilipa kula na kuishi. Vifungo vililisha Nyumba.

Na nyumba yenyewe ilikuwepo. Vyumba viwili, kuta hazijapakwa rangi, mali ya mkunga mstaafu aliyetaka kuhamia kwa binti yake.

"Niletee nusu Ijumaa," mkunga alimwambia, "nyingine utanimalizia polepole. Lakini iwe Ijumaa kweli, mwanangu. Kuna mwoka mikate ananipigia simu asubuhi na jioni kama mchumba."

Mama Bahasha alipima dirisha la sebuleni kwa utepe wake wa kazini, akaenda akashona pazia. Ulibaki mshahara wa Alhamisi tu, nusu itimie.

Jumatano mchana, Mama Bahasha akiwa kazini, mwenye nyumba wao alibisha hodi.

Wapangaji walimwita Kufuli, kwa sababu hakutembea bila kufuli mfukoni, na aliyechelewesha kodi alilikuta likining'inia mlangoni pake. Mama Bahasha pekee ndiye aliyemwita Mzee, akiwepo na asipokuwepo, na hata kwenye bahasha. Dola nyingine huangushwa na vita au njaa. Hii iliangushwa na adabu.

Mlinzi alifungua mlango na jicho moja.

"Nimefuata za nyumba," alisema Kufuli.

"Mwenyewe yuko kazini. Pitia jioni."

"Jioni nitapita na huyu." Akalitikisa kufuli.

Mlinzi akavuta kopo. Hakuwahi kuligusa, mambo ya kodi yalimalizwa na mkewe wakati yeye amelala. Akasoma. MZEE: hizo zitakuwa za baba mkwe na kifua chake. Moyo ukamlainika kuona mkewe hamsahau baba yake, akairudisha taratibu. NYUMBA: ndiyo hii. Aliishika, akaona ni nzito, akajisemea kwamba kodi siku hizi si mchezo. Hakuhesabu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumkagua mkewe, na hakuona sababu ya kuanzia mbele ya Kufuli. Akaitoa, akapokea risiti, akaipachika chini ya kikombe bila kuisoma, akalala usingizi mtamu.

Mkewe aliporudi alimkuta akifunga mkanda wa sare.

"Kufuli alikuja," alisema kwa fahari. "Usiwe na wasiwasi, nimeshamalizana naye."

"Mmemalizana vipi?"

"Si nimempa za nyumba."

Mama Bahasha alipiga magoti, akavuta kopo. MZEE alikuwepo, kashiba kodi ya mwezi. Mwisho wa mstari palikuwa na pengo.

"Mume wangu, umempa ipi?"

"Hiyo ya nyumba. Si umeandika mwenyewe nyumba?"

"Kodi iko humu. Kwa Mzee."

"Mzee si baba yako?"

"Baba namwita Baba! Mzee ni Kufuli."

"Kufuli?" Mlinzi alikaa kitandani, mkanda mkononi. "Toka lini Kufuli akawa mzee wetu?"

Swali lilikuwa zuri. Mama Bahasha alichukua risiti chini ya kikombe. Kodi, miezi kumi na minne mbele. Chini palikuwa na sahihi ya Kufuli, ndefu, yenye mikia, ya mtu aliyeandika akiwa na furaha.

Asubuhi alimfuata. Alimkuta uani, kazungukwa na mafundi watatu, mifuko ya saruji na masinki mawili meupe ya choo.

"Huyu hapa!" Kufuli alipaza sauti. "Mpangaji wa mfano! Tangu nizaliwe sijaona mtu wa kulipa hivi."

"Mzee, kuna makosa." Akaeleza, kopo, bahasha, mkunga, Ijumaa. Mafundi waliacha kuchimba, wakasikiliza kwa makini.

Kufuli alivua kofia. Alikuwa mgumu, lakini hakuwa katili, na hilo lilizidisha ubaya wa mambo, maana mtu katili unaweza kumtukana.

"Mama, jana ileile nimelipa vifaa na mafundi. Nirudishe nini? Saruji?" Akageuza kofia mikononi. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyeniandikia barua."

Kweli aliandika. Mwaka mzima wapangaji walilalamikia choo, na yeye, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, aliwaandikia barua na kutia sahihi ya kwanza. "Tunaomba uboreshe," aliandika. Sasa ombi lilikubaliwa.

Siku ya Ijumaa alikwenda kwa mkunga mikono mitupu. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono kwa namna aliyowashika wanawake wengi kabla yake, waliotoka chumbani mwake bila kitu.

"Pole, mwanangu. Nimesubiri kadiri nilivyoweza."

Mwoka mikate alikuwa keshafika. Alisimama sebuleni akitazama dirisha, akakadiria kwa shubiri, akakosea. Mama Bahasha alijua amekosea.

Choo kilikamilika baada ya wiki mbili. Wapangaji saba walikisifu, na kila aliyetoka alipita chumba namba tano kushukuru. "Umetutoa aibu, Mama Bahasha!" "Ukikaa mle unajiona waziri!" Alijibu asante, asante, kama mfiwa mlangoni. Mlinzi hakuwa akila vizuri. Kila mchana aliamka, akakaa, akasema, "Miezi kumi na minne hatulipi kodi. Tukiiweka yote, tunarudi palepale."

"Tunarudi palepale," mkewe alikubali. Hakumwambia kuwa bei ya nyumba haitakuwa palepale. Alikuwa na hesabu zote kichwani, na hakuna hata moja iliyomfikisha popote.

Jumapili alinunua bahasha mpya. Aliandika kwa herufi kubwa, mumewe akisoma begani: HII SI KODI. HII NI NYUMBA YETU SISI. ASIPEWE MTU YEYOTE, HATA AKIJA NA KUFULI.

"Imeeleweka," alisema mlinzi kwa sauti ndogo.

Ndani yake, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine, akatia risiti.

Kisha akatoa pazia, akalitundika kwenye dirisha la chumba namba tano. Lilivuka dirisha, likavuka ukuta, likalala sakafuni kama mgeni aliyekosa kiti. Mlinzi alimletea mkasi. Aliuweka pembeni, akachukua pini, akaanza kukunja upindo, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Si ukate tu?"

"Dirisha lake ni refu," alisema, pini mdomoni.

Mumewe hakuuliza dirisha lipi.