Vidole Vitatu Upande wa Jiko

Nyuma ya nyumba yangu ardhi inateremka kama mgongo wa punda. Waliogawa viwanja hivi na kutujengea nyumba walisawazisha mbele tu, pale ambapo mkubwa wao angesimama kukata utepe. Nyuma wakamwachia Mungu. Mkaguzi alitia sahihi akiwa ndani ya gari, kioo nusu. Shule niliishia darasa la nne, lakini mtu anayeogopa kuchafua viatu namjua.

Kwenye mteremko huo mama mkwe wangu ameteleza mara mbili. Anaishi kwangu tangu tulipomzika binti yake, mke wangu, mwaka wa pili sasa. Alipotegua mkono, binti yetu muuguzi alikuja kumfunga bendeji.

"Baba, Jumamosi namchukua bibi. Akitoka ataanguka, na akishinda ndani ataota ukungu."

"Mchukue," nikasema. "Angalau nitapumua."

Kesho yake asubuhi na mapema nilikuwa wa kwanza kwa muuza mbao. Nyumba ya mtu mmoja hata sufuria hazigongani.

Nilitaka kibaraza cha mbao kinachoanzia mlango wa nyuma, usawa mmoja na kizingiti, bibi atoke bila kushuka hata ngazi moja. Nguzo za karibu na ukuta zilikuwa fupi, za huko chini zikanifika kiunoni. Kupata usawa nilifuata mstari wa matofali. Ukuta ni ukuta, nikajisemea.

Ijumaa adhuhuri nilikuwa nimeshapigilia nusu ya mbao. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni anafuma kitambaa. Akaliweka bonge lake la uzi juu ya mbao. Likabiringika taratibu, likashika njia ya jikoni, likaanguka mtaroni.

"Mkwe, uzi wangu umekikimbia kibaraza chako."

"Upepo huo, mama."

"Upepo gani? Nguo kwenye kamba zimetulia tuli."

Nikaliokota. Akaliweka tena, likaondoka tena, kule kule. Nikaanza kumtukana muuza mbao.

"Mwache mtoto wa watu," akasema. "Lete mpira wa maji."

Ni ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ukiujaza maji, ncha zote mbili husema usawa mmoja hata zikiwa mbali.

"Umeujulia wapi, mama?"

"Baba mkwe wako alikuwa mwashi. Miaka thelathini nimemshikia mpira. Ulidhani nilikuwa napika tu?"

Akashika ncha yake ukutani, maji yakilingana na mstari wa matofali. Mimi nikaenda na yangu hadi pembe ya jiko.

"Usitikise!"

"Sitikisi, mama."

"Unatikisa. Huku maji yanacheza ngoma."

Yakatulia. Kwangu mstari ulikuwa chini ya maji kwa vidole vitatu. Nikapima tena, na tena. Kibaraza kilikwenda sambamba na nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo ilijengwa imelala.

Nikakalia ndoo. Miaka ishirini na sita mke wangu alilalamika kwamba mchuzi unajaa upande mmoja wa sahani. Nami nikamjibu kila mara, "Ni meza yako hiyo, hawawezi kujenga nyumba nzima upande." Mimi huyu, ambaye wakubwa wakiniambia ni saa sita natoka nje kuangalia jua! Mwisho akachoka, akakunja vipande viwili vya boksi, akaviweka chini ya miguu ya meza, ugomvi ukaisha.

"Alikuambia," mama mkwe akasema.

"Aliniambia, mama."

"Sasa utafuata nyumba au maji?"

"Maji."

"Hayo ndiyo hayana mjomba."

Nikang'oa misumari yote, nikainua nguzo za upande wa jiko. Jumamosi saa sita nikapigilia ubao wa mwisho. Dereva wa jirani akachungulia juu ya ua.

"Mzee, kibaraza kimeenda upande!"

"Kibaraza kimekaa sawa. Nyumba ndiyo imelewa."

Nikaitoa nje meza ya marehemu, na kwa mazoea nikaiwekea maboksi yake. Mama mkwe akatoka peke yake, hatua kwa hatua, bila kushika ukuta. Akamimina chai. Chai ikalala upande kikombeni.

"Toa hivyo viboksi."

Nikavitoa. Chai ikakaa sawa. Vile vipande nikavitia mfuko wa shati, vimo hadi leo.

Binti yetu akafika na begi tupu. Akapanda, akakanyaga ubao mmoja mmoja, akatikisa nguzo. Mkaguzi mzima, ila huyu alishuka garini. Bibi yake akaliweka lile bonge la uzi katikati ya kibaraza, tukalitazama wote watatu. Halikwenda popote.

"Begi hilo la nini, mjukuu wangu?"

"La... nguo zako, bibi."

"Liache hapo. Nitatilia nyuzi zangu."

"Na mimi nilikuwa nimejiandaa kupumua," nikasema.

Binti akavuta kiti, akavua viatu.

"Utapumua mwaka mwingine, baba. Sukari iko wapi?"