Kigari Kilichokuwa Kinarudi

Mwalimu Doris Harju aliegemeza ubao juu ya rundo la vitabu, na watoto wa chekechea wakasongamana pembeni, kila mmoja na kigari chake cha kuchezea. Theluji ya Machi ilikuwa bado imerundikana hadi madirishani, na upepo wa Ziwa Superior haukumruhusu mtu kutoka nje.

"Nikiachia kigari hapa juu, nani anakisukuma?" aliuliza Doris.

"Hakuna!"

"Mbona kinashuka, basi?"

"Kimechoka kukaa juu," alisema Greta.

Doris akacheka. "Dunia inakivuta. Inavuta kila kitu kije chini."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Ruka uone."

Wakaruka wote, sakafu ikanguruma. Kisha mashindano yakaanza.

Kigari cha Wendell Toivola, cha kijani, kiliburuta mkia kama wiki nzima iliyopita. Kikitoka tu kwenye ubao, kilikata kushoto, kikazunguka na kuishia nyuma ya vingine.

"Gari la Wendell limelewa!" alipiga kelele Kurt, na wenzake wakaangua kicheko. Wendell alikiokota.

Doris alimhurumia. Watoto walipokuwa wakinywa maziwa, alitoa plaizi kwenye droo akakinyoosha kile chuma kinachoshika magurudumu ya mbele ya kigari chake. Ilikuwa kazi ndogo, naye alijisikia vizuri kuifanya.

Mbio ziliporudiwa, kigari cha kijani kilishuka kama mshale, kikavipita vyote na kugonga mlango. Darasa zima likashangilia, hata Kurt.

"Umeshinda, Wendell! Kimbia ukachukue gari lako."

Wendell hakukimbia. "Mwalimu, mbona hakirudi?"

"Kilikuwa kimepinda, mwanangu. Nimekutengenezea."

"Lakini kilikuwa kinarudi. Nyumbani nakisukuma ukumbini, kinazunguka, kinanijia mwenyewe. Mama analala mchana, anafanya kazi usiku. Sina wa kunirudishia."

Doris alikwenda mlangoni akakiokota kigari. Wiki nzima alikiona kigari kile kikikata kushoto, na yeye, aliyekuwa akiwafundisha watoto kuuliza kwa nini kitu kinakwenda kinakokwenda, hakuwahi kumuuliza Wendell.

Alichukua tena plaizi, akakipinda kidogo kile chuma. Kigari bado kilikwenda moja kwa moja. Akaongeza nguvu, safari hii gurudumu lilikwama, kigari kikaruka na kulala ubavu. Wendell alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akimtazama mikono.

"Basi, Mwalimu," alisema kwa upole. "Si kitu."

Upole ule ulimuuma kuliko kama mtoto angelia. Akalikwamua gurudumu, akakirudisha kigari kilivyokuwa baada ya maziwa, kikienda moja kwa moja, maana zaidi ya hapo hakuweza.

Watoto wengine walipoondoka, Doris aliketi sakafuni ingawa magoti yalimsumbua. Alimsukumia Wendell kigari, Wendell akamsukumia. Mtoto alilenga vizuri, lakini hakucheka hata mara moja.

Honi ya basi la shule ikalia.

"Na kesho utakaa?" aliuliza Wendell huku akivaa glavu.

"Nitakaa."

Alikaa kesho yake, na siku nyingi baada ya hapo, hadi theluji ikayeyuka. Ila kila alipomsindikiza Wendell kwenye basi, alimwona amekishika kigari kile kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebebeshwa kitu cha mwenzake.