Umenenepa, Mashallah!

Wifi yangu Mwanaisha hajui kupiga hodi. Anaanza kuongea akiwa bado barabarani, na kabla hajafika mlangoni mtaa mzima umeshajua nani amekonda, nani amenawiri, nani amepauka na nani amefuga kitambi. Kwake hiyo ndiyo salamu. Wewe unampa shikamoo, yeye anakurudishia hali ya mwili wako.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Handeni, kwa hiyo kila akija kutoka Korogwe mimi na wateja wangu ndio tunaokuwa wa kwanza kupata taarifa. Namvumilia. Ni dada mkubwa wa mume wangu Mhina, na hajawahi kuja mikono mitupu.

Idi iliyopita alimkuta binti yangu Faudhia, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anapitisha sinia la pilau kwa wageni, kavaa gauni jipya nililomshonea mwenyewe. Wifi akapiga kigelegele.

"Mashallah! Umenenepa! Jamani mwoneni mwanangu alivyonenepa! Njoo hapa, bonge langu!"

Akamkumbatia, akamfinya mashavu, wageni wakacheka. Watoto wa majirani wakalidaka lile bonge wakaondoka nalo mtaani. Mimi nilikuwa nagawa soda. Nilisikia, nikaona ndiyo wifi huyo, kama siku zote.

Sasa mjue Faudhia alikuwa mtoto wa namna gani. Ukimwita, anaitika kutoka jikoni, na kinywa kimejaa. Badala ya "Abee" inatoka "Mbwee!" Nimemgombeza tangu yuko mdogo: meza kwanza ndipo uitike, wewe mtoto wa kike. Ilikuwa kazi bure.

Baada ya Idi akaanza kuitika vizuri. "Abee, mama," safi kabisa, hakuna punje ya wali ndani yake. Nikawaringia wateja kwamba malezi hatimaye yamekubali.

Ikawa nikipakua, amekula shuleni. Nikipakua tena, amefunga, analipa za Ramadhani. Mtoto akikuambia amefunga, utamkamataje umlishe? Nikamwombea dua. Akaniletea sketi ya shule nimpunguzie kiuno, nikapunguza. Akaileta tena. Safari hiyo nikachukua futi ya kamba nimpime, akarudi nyuma, akajikunja na sweta lake, na jua la Handeni mnalijua lilivyo. Nikamuuliza ana nini, akasema hana kitu. Wiki haijaisha, mwalimu akapiga simu kwamba Faudhia ameanguka mstarini asubuhi.

Mhina naye, badala ya kunyamaza, akampigia dada yake.

Wifi alikuja na basi la kwanza. Alipomwona Faudhia akashika kichwa. "Nani kamla mwanangu?" Kisha akanigeukia. "Wifi, huyu mtoto unamlisha nini? Uzi?"

Nikammezea. Nilikuwa nimeshika mkasi, na shetani hakosi pa kupita.

Akatangaza kuwa ni minyoo. Tukameza dawa nyumba nzima, hata Mhina aliyekuwa amerudi tu kuchukua mwiko wake wa kujengea. Minyoo kama ilikuwepo ilikufa, na Faudhia akazidi kupukutika. Wifi akasema basi ni mapenzi. Akamweka kitako Mustafa, kijana wa bodaboda wa pale kona, akamhoji mpaka kijana wa watu akakiri kumpenda msichana wa Segera ambaye hakuna aliyekuwa anamuulizia. Mwisho akasema ni jini, akamleta Shehe Athuman.

Shehe akasoma. Akamtazama Faudhia, akamuuliza maswali mawili matatu kwa upole, akafunga kitabu.

"Bi Mwanaisha, mimi jini silioni hapa. Naona mtoto mgonjwa. Mpelekeni hospitali, tena msingoje wiki ijayo."

"Hata jini dogo, shehe?"

"Hata dogo."

Wifi akasema kama ni hospitali, basi ni Korogwe, kwa sababu kuna muuguzi anaitwa Amne ambaye anashughulika na vijana na waliwahi kuwa majirani. Kesho yake tukapanda basi. Pale Segera gari liliposimama, wachuuzi wakaja madirishani, na wifi akanunua kila kilichoinuliwa: mahindi ya kuchoma, mayai, machungwa, korosho. Vyote akavirundika mapajani kwa Faudhia.

"Kula, mama. Kula shangazi yako akuone."

Faudhia akautazama ule mzigo. Machozi yakamtiririka yakadondokea kwenye mahindi. Wifi akanyamaza. Sijawahi kuona jambo lile tangu niolewe: kutoka Segera mpaka Korogwe, mwanamke yule alishika yai la kuchemsha mkononi bila kufungua mdomo. Mimi nilikuwa naogopa. Nasema wazi, niliogopa mwanangu atanifia na chakula kimejaa mapajani.

Hospitali daktari akampima damu, akasikiliza moyo wake kwa muda mrefu. Kisha Amne akamchukua Faudhia peke yake chumbani, akatuomba tusubiri nje. Wifi akaenda kusimama chini ya dirisha, anajipepea na mtandio. Amne akatoa kichwa.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Napunga upepo tu hapa."

Amne akafunga dirisha.

Alipotuita ndani, alianza kwa kusema kwamba Faudhia amemruhusu kutueleza. "Siyo minyoo na siyo kiburi. Huu ni ugonjwa, na unatibika. Ameanza kukiogopa chakula, na sasa hofu imemzidi nguvu, hawezi kuishinda peke yake. Tutamwona kila wiki, tufuatilie mwili wake na mawazo yake. Nyumbani kaeni mle pamoja naye. Msimtishe, msimpigie magoti, msimhesabie matonge. Ongeeni mambo mengine. Na mwili wake msiuseme. Asiambiwe amekonda, asiambiwe amenenepa."

"Hata kwa kumsifia?" wifi akauliza.

"Hata kwa kumsifia."

Hapo wifi akawaka. "Kumbe kuna mtu alimsema mwanangu! Nani? Mtaje! Ni wale wa shuleni? Nitawafuata hukohuko mstarini! Mtu gani huyo asiye na haya, mdomo hauna breki, anamsema mtoto wa mwenzie mpaka chakula kinamshinda? Mtaje, nikamtie adabu leo hii!"

Faudhia alikuwa anatazama sakafu. "Shangazi, ni wewe."

"Mimi? Lini?"

"Idi. Ulisema nimenenepa. Mbele ya watu wote. Mpaka leo wananiita bonge."

Sitaki kudanganya: kuna kipande cha moyo wangu kilifurahi. Miaka yote hiyo nimengoja mtu amzibe mdomo wifi yangu. Nikakaa vizuri nimtazame atakavyofoka. Hakufoka. Alijishusha taratibu kwenye kitanda cha wagonjwa kilichokuwa pale chumbani, na sura ikamnywea.

"Lakini nilikusifia," akasema.

Akakunja pindo la mtandio wake.

"Mimi nilipokuwa msichana kama wewe waliniita Fito," akaendelea. "Nyumbani chakula hakikututosha. Watu walipita wakisema, huyu mtoto wa mzee Mdoe atachukuliwa na upepo. Mwaka mmoja mahindi yakakubali. Tukala, tukashiba. Bibi yangu akanitazama akasema, Mwanaisha, umenenepa. Nililia kwa furaha. Tangu siku ile sijapewa neno zuri kama lile. Ndilo nililokupa, mwanangu. Sina jingine."

Kile kipande cha moyo wangu kikaona aibu. Faudhia akasogea, akaushika mkono wa shangazi yake, mkono uleule uliokuwa bado na yai.

"Basi niite jina langu tu, shangazi."

Hakupona siku ile, msije mkafikiri. Kulikuwa na siku aliyokula nikaenda kucheka peke yangu chooni, na siku iliyofuata akalia juu ya sahani mimi nikalia juu ya cherehani. Kila wiki tulikwenda Korogwe. Mhina akawa anarudi mchana kula na sisi, na kwa kuwa tuliambiwa tuongee mambo mengine, alitueleza habari za tofali. Tofali za kuchoma, tofali za saruji, tofali zilizopasuka. Siku moja Faudhia alisema, "Baba, nakula ili nimalize niondoke." Mhina akaona huo ni ushindi, na mimi sikumbishia. Futi ya kamba nikaacha kuitundika barazani, nikaiweka kwenye droo.

Aliyepata tabu ni wifi. Mdomo uliozoea njia moja maisha yote haugeuki kirahisi. Alikuja mwezi uliofuata, akamwona Faudhia mlangoni, mdomo ukafunguka wenyewe. "Ume..." Nikamkodolea macho. "Ume... ume... umeme upo?"

"Upo, shangazi."

Tukajua. Kila alipoteleza alijishikiza kwenye umeme. Akamuuliza jirani yetu mwenye kitambi kama umeme upo. Akamuuliza Shehe Athuman, aliyekuwa amepungua kidogo. Mtaani wakaanza kudhani ameajiriwa kusoma mita.

Jumamosi iliyopita nilikuwa barazani natia pindo, nikasikia sauti kwa nyuma.

"Hodi."

Nilikaribia kujichoma sindano. Wifi yangu, mzimamzima, amesimama pale anangoja aambiwe karibu! Nikamkaribisha. Akaweka kapu lake chini, akasafisha koo, akaita kwa upole ambao sikujua anao.

"Faudhia!"

Kimya. Tukatazamana. Mimi mguu ukaniganda kwenye cherehani. Wifi akaita tena.

"Faudhia?"

"Mbwee!" ikatoka jikoni.

Wifi akashika mlango. Machozi yakamjaa, midomo ikamcheza, nikaona lile neno linapanda kooni mwake, zuri kuliko yote aliyonayo.

"Ume..." akasema. Akameza mate. "Umeme upo, mwanangu?"

"Upo, fangazi!" akajibu Faudhia, bado anatafuna, na mimi sikumgombeza.