Firigisi ya Mwalimu Esperansia

Kama kuna mtu Ngara nzima aliyemtetea mwanamke wa kwenye hadithi, ni Mwalimu Esperansia wa Nyamiaga. Alipoanza kufundisha fasihi, binti mwembamba mwenye sauti nzito, aliwauliza wanafunzi swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: "Mwanamke huyu amechorwaje?" Walimu wa kiume waliguna. Mmoja alisema madamu ameleta uchochezi. Esperansia hakujali, mwenye wivu ajinyonge. Swali lile lilimpa raha kuliko mshahara.

Lakini miaka ikaenda na swali likageuka wimbo. Wanafunzi hawakusoma hadithi tena, walikariri tu: "Amechorwa kama mlezi wa familia, kama mtu tegemezi, kama chombo cha starehe!" Kuna mtoto aliandika kwenye mtihani kwamba kuku wa kwenye ngano amechorwa kama chombo cha starehe, kwa kuwa alikuwa jike. Ofisi ya walimu ilicheka hadi machozi. Esperansia naye alicheka, ila lilimuuma.

Sasa alikuwa anastaafu, na darasa lake linachukuliwa na Happy, msichana wa Nyantakara aliyemfundisha mwenyewe, katoka chuo kikuu juzi tu. Siku Happy alipoanza, mama wa watu alikwenda kuketi nyuma kabisa, roho juu. Alitaka kujua jambo moja: je, kazi yake ya maisha itabaki, au itafutwa ubaoni pamoja na somo la jana?

Happy alichagua ngano ya mke aliyekula firigisi. Nani asiyeijua? Firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Mke akaidokoa jikoni, akaota ndevu, akarudishwa kwao kwa aibu.

Elick alinyoosha mkono. "Mwanamke amechorwa kama mlafi na..."

"Hilo najua," Happy akamkatiza. "Hata mimi nililikariri. Sasa niambieni, nani aliyewasimulia?"

Babu, wakasema. Baba. Mjomba.

"Basi nendeni mkawaulize mama zenu na bibi zenu wao wanaimalizaje."

Esperansia akainuka, akatoka. Hilo najua! Maneno mawili tu, na ujana wake wote umepigwa teke.

Hata hivyo kesho yake alirudi, maana udadisi nao ni ugonjwa. Akakuta darasa limechangamka kama gulio. Verediana alisema kwa bibi yake mke hakuota ndevu hata kidogo. Alimwekea mume kipande cha muhogo mgumu, na bwana akakitafuna huku akishukuru. Anneth alisema kwa shangazi yake ndevu ziliota kweli, mke akatawazwa kuwa mtemi, na wanaume wote wakamwamkia shikamoo. Darasa likapiga meza kwa furaha. Ndipo akasimama Nshoma, binti wa Kisukuma asiyependa kusema.

"Mwalimu, kwetu hao wake walikuwa wawili. Mkubwa alikula firigisi. Mdogo ndiye aliyemnyonyoa kuku, akaambulia manyoya. Mbona yeye hatumtetei?"

Kule nyuma, Esperansia akashtukia mkono wake mwenyewe uko juu kama wa mwanafunzi.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi sikumwona huyo mdogo." Na jinsi alivyofurahi kumwona! Uchungu wa jana ulimtoka bila kuaga.

"Na mume je?" akauliza Jeremia. "Kuna aliyemuuliza kama anaipenda hiyo firigisi?" Huyo walimcheka hadi akakaa.

Jumamosi ikawa sherehe ya kumuaga. Pilau, ndizi, soda, na mzee Marcel, mume wa Esperansia, ndani ya koti lake la harusi. Happy akashika kipaza sauti.

"Swali la kwanza lilikuwa la Mama huyu. Asingeuliza mwanamke amechorwaje, mimi nisingepata pa kuulizia nani aliyemchora, wala Nshoma asingeuliza ni mwanamke yupi. Mama, shikamoo. Leo firigisi ni yako."

Sahani ikawekwa mbele yake, na Esperansia akaona haya. Mtetezi huyu wa firigisi hakuwahi kuionja! Kila Krismasi aliiweka kwenye sahani ya Marcel kwa mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Pengine moyoni aliziogopa zile ndevu.

Akashika kisu. "Kuku huyu amenyonyolewa na nani?"

Akaitwa Rozina, mpishi wa shule, akaja anajifuta mikono kwenye kitenge. Esperansia akaikata firigisi katikati, nusu akampa. Wakatafuna. Ukumbi mzima ukawatazama wakitafuna.

"Kumbe ni ngumu tu!" Esperansia akasema, na vigelegele vikapasua bati.

Mzee Marcel akainuka taratibu. "Mke wangu, tangu tuoane naimeza hiyo firigisi kwa kukuheshimu wewe. Sijawahi kuipenda hata siku moja."

Esperansia alicheka hadi akamshikilia Rozina asianguke. Alipopata pumzi, akajifuta machozi na kuangaza macho kwenye viti vya wanafunzi.

"Jeremia! Njoo hapa mbele, mwanangu. Lile swali lako tulilolicheka, hebu lirudie."