Bango la Mzee Shire

Mabango ya sinema yaliyotundikwa nje ya kibanda cha vidio cha M'Ikiara, mjini Isiolo, kila mtu aliyajua kuwa kazi ya mzee Shire. Kichwa cha staringi kikubwa kuliko gari, chini yake bunduki, moto, na msichana analia. Watu hulipia kichwa, mzee alizoea kusema, na sinema yenyewe ikiwa mbovu, basi hiyo ni shida ya M'Ikiara.

Kumbe macho ya mzee yalikuwa yamekwisha zamani, na aliyechora ni binti yake, Raho, nyumbani kwao Kiwanjani. Hiyo ilikuwa siri ya watu wawili. Mlango ukifungwa, Raho alishika brashi na mzee akakaa kando akimwelekeza: ongeza kichwa, ongeza moto. Sifa zikaenda kwa asiyechora. Hata humo kibandani Raho hakuwahi kuingia, maana ni mahali pa wanaume na miraa yao. Alichoka, tena alichoka vibaya. Angekuwa baba mkali, angemtoroka. Lakini huyu alimpenda kupita kiasi, na hapo ndipo alipofungwa.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Nairobi, Isnino, akitafuta mabango yaliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya maonyesho. Akaagiza jipya la Shire, la filamu ya zamani kuhusu mfungwa wa gereza la jangwani. Mzee alipochukuliwa na jamaa kwenda msibani Ngaremara, Raho alijifungia akachora alivyotaka yeye. Hakuweka kichwa, hakuweka moto. Chini kabisa alichora mtu mmoja mdogo, ungemfunika kwa kidole gumba, amegeuza mgongo. Juu yake akaacha turubai jeupe, tupu, lote. Weupe huo ndio gereza lenyewe. Alifurahi, akaapa kwamba mzee akirudi atamwambia ukweli, na bango hili litatoka na jina la Raho.

Mzee alirudi alasiri, akataka kuonyeshwa bango, yaani kulipapasa. Kazi moja tu ilikuwa imebaki mkononi mwake, kutia jina. Siku zote Raho alimwachia kona ndogo isiyo na rangi, naye huitafuta kwa kiganja. Leo kiganja kilipita, kikapita tena, kitambaa kitupu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Raho," akasema. "Nafasi hii yote, ya jina langu?"

"Aabo, baba yangu, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Usiseme, mama. Mimi nilijua watu wamenisahau. Wewe umekataa nisahaulike."

Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu, wala hakuyaficha. Akanyoosha mkono, akaomba brashi pana na rangi nyekundu.

Maneno yalikuwa mdomoni mwa Raho, tayari. Lakini nani amwambie baba anayelia kwa furaha kwamba furaha hiyo si yake? Akachovya brashi, akaikamua isidondoke, akamtilia mkononi. Herufi ya kwanza ilianza palepale juu ya yule mtu mdogo, nene, nyekundu. Ya pili ikaenda upande, ikawa inataka kutoka nje ya turubai. Raho akaushika mkono wa babake, akaurudisha ndani.